Paka Hafundishwi kwa Bakora



Mwaka huu imezunguka video katika simu za wazazi wenu, na bila shaka wengi wenu mmeiona. Mzee mmoja wa Kizungu, amevaa nguo za rangi rangi, ananyoosha kiganja, na juu ya kiganja hicho paka anasimama kwa miguu yake miwili ya mbele, kichwa chini mkia juu. Baadhi yenu mlinijia mkibishana. Mmoja alisema hayo ni mazingaombwe. Mwingine aliapa kwamba yule si paka bali ni jini. Wa tatu, mdogo kuliko wenzake, aliuliza tu: "Ustadhi, mbona paka wetu wa hapa chuoni hata akiitwa haji?"

Swali la huyo wa tatu ndilo lenye elimu ndani yake, na ndilo nitakalolijibu hapa. Naandika kwa wanafunzi wote, lakini wakubwa mnaosomesha wadogo, yaani makhalifa, nawaomba msome kwa makini zaidi.

Kwanza tuliondoe hilo la majini. Mtu huyo anaitwa Yuri Kuklachev, ni Mrusi, alizaliwa mwaka 1949, na kazi yake ni uchekeshaji wa sarakasi. Jina lake lenyewe lina mzaha ndani yake, kwani "kukla" kwa Kirusi ni mwanasesere. Tangu miaka ya 1970 amekuwa akiigiza na paka, na mwaka 1990 alifungua katika jiji la Moscow, kwenye barabara ya Kutuzovsky, jumba la maonyesho ambalo waigizaji wake wakuu ni paka. Idadi yao imepita mia moja. Mwaka 2005 alisafiri na baadhi yao hadi New York. Paka hao husukuma vigari vya watoto, hutembea juu ya fito, hupanda juu ya mpira unaobingirika. Wala si paka wa aina ya pekee walioletwa kutoka nchi ya mbali. Paka wake wa kwanza aliokotwa mtaani akiwa mdogo, hana mwenyewe, kama hawa wanaotuzunguka karibu na birika la kutawadhia.

Sasa sikilizeni mchezo wake uliompatia umaarufu ulivyopatikana, kama anavyousimulia mwenyewe. Siku moja nyumbani kwake paka alipotea. Wakamtafuta, wakamkuta amejikunja ndani ya sufuria jikoni. Wakamtoa. Akarudi. Wakamtoa tena, akarudi tena. Mtu mwingine angetafuta mfuniko, au angetafuta fimbo. Kuklachev alisimama akatazama, akafikiri, kisha akaichukua sufuria ile hadi ulingoni. Akajifanya mpishi anayetaka kupika, na kila akifungua sufuria anamkuta paka. Anamtoa, anageuka kuchukua chumvi, paka yumo tena. Watu wakacheka mpaka machozi. Yule paka hakufundishwa jambo lolote jipya. Alikuwa akifanya kile alichokipenda, na mwenye kujifunza hapo alikuwa yule mtu.

Hiyo ndiyo njia anayosema ameifuata miaka yote. Hamlazimishi paka, humtazama. Huyu anapenda kupanda mahali pa juu, basi mchezo wake utakuwa wa kupanda. Yule anapenda kukaa begani, basi atakaa begani. Mwingine hapendi chochote ila kulala, na huyo naye hupewa nafasi ya kubebwa tu watu wamwone. Ukitazama maonyesho yake vizuri utagundua kwamba kila paka hufanya jambo moja au mawili, kisha anaondoka zake. Kazi ya kujaza nafasi zilizobaki ni ya wachekeshaji wenyewe, na mbwa kidogo.

Kwa nini mbwa hutii na paka hatii? Hapa inafaa tujue asili yao. Mbwa ametokana na mbwamwitu, mnyama anayeishi kwa kundi, na katika kundi yupo wa kufuatwa na yupo wa kufuata. Binadamu alipoingia mahali pa kiongozi, mbwa akamfuata. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, ambaye huwinda peke yake, hula peke yake na hana mkubwa wala mdogo. Inaaminika kwamba hakuna aliyekwenda porini kumkamata. Watu walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani, panya walifuata nafaka, na paka akafuata panya. Alikuja kwa miguu yake mwenyewe. Katika kisiwa cha Cyprus wachimbaji wa mambo ya kale walikuta paka amezikwa karibu na mtu, na kaburi hilo lina umri wa miaka 9,500 hivi. Kwa hiyo amekaa nasi muda mrefu sana, lakini kwa mkataba wake: yeye atashughulika na panya, nasi tumwache.

Mnyama wa namna hii ukimpiga, haunganishi kipigo na kosa. Anaunganisha kipigo na wewe. Ng'ombe wa plau ukimchapa atavuta, kwa sababu yumo kwenye nira na hana pa kwenda. Punda naye, maskini, tunajua anavyofanyiwa. Paka atakwenda chini ya kabati au juu ya paa, na kesho akisikia hatua zako ataondoka kabla hujafika. Ndiyo maana nasema kwamba paka ni kipimo kizuri cha mwalimu. Anayeweza kumfundisha ng'ombe huenda ana nguvu tu. Anayeweza kumfundisha paka lazima awe na subira.

Wala msidhani kwamba hana akili. Mwaka 1898 kijana mmoja Mmarekani, Edward Thorndike, alitoa utafiti wake wa chuo kikuu ambao wanafunzi wake walikuwa paka. Alitengeneza masanduku ya mbao yenye kitanzi au kikomeo ambacho kikivutwa au kikikanyagwa mlango hufunguka, akamwingiza paka mwenye njaa ndani na kuweka chakula nje. Paka alihangaika, akakwaruza, akauma mbao, mpaka kwa bahati akagusa penyewe na mlango ukafunguka. Alipoingizwa tena alihangaika kidogo zaidi ya kidogo, na baada ya mara nyingi akawa anakwenda moja kwa moja kwenye kikomeo. Thorndike akasema kwamba tendo linaloleta faraja hurudiwa, na linaloleta maudhi huachwa. Lakini alikuwa mtu wa kupima, na baada ya miaka zaidi ya 30 ya majaribio mengine, yakiwemo ya binadamu, alibadilisha nusu ya maneno yake. Aliona kwamba malipo mema hujenga kweli, ila adhabu haifuti kosa kwa nguvu aliyoidhania. Nimemtaja mtaalamu huyu kwa sababu tukizungumza habari za fimbo watu hudhani ni suala la huruma peke yake, kumbe ni suala la kazi pia: je, inafanya kazi?

Na wataalamu wa Japani mwaka 2019 walionyesha kwamba paka wa nyumbani hutambua jina lake likitamkwa katikati ya majina mengine. Hivyo basi, yule mdogo aliyeniuliza kwa nini paka wetu haji akiitwa, jibu ni kwamba huenda anasikia vizuri sana. Hajaona sababu ya kuja. Na kwa jinsi baadhi yenu mnavyomrushia mawe na kandambili wakati wa mapumziko, mimi simlaumu.

Kuklachev hakuwa wa kwanza katika njia hii. Kabla yake, huko huko Moscow, alikuwepo mchekeshaji aliyeitwa Vladimir Durov, aliyeishi kati ya mwaka 1863 na 1934. Zama zake wakufunzi wengi wa wanyama wa sarakasi walitumia mjeledi, chuma na njaa. Durov akasema hapana. Alifundisha kwa chakula kidogo kidogo, kwa sauti ya upole, na kwa kurudia bila kuchoka. Mwaka 1912 alifungua nyumba ya wanyama ambayo ipo hadi leo, na mojawapo ya vitu vilivyopendwa pale ni reli ndogo ambayo abiria wake ni panya. Hebu fikirini ni muda gani unahitajika kumfundisha panya kupanda garimoshi! Watu hupenda kuona matokeo, siku za kurudia hawazioni.

Najua wapo watakaosema: Ustadhi amekosa habari za kuandika katika jarida la madrasa mpaka alete wachekeshaji wa sarakasi wa Urusi? Jibu langu ni fupi. Siwaiti mkajiunge na sarakasi. Lakini kumfundisha mnyama si jambo geni katika dini yetu. Katika Suratul Maida, aya ya 4, tumehalalishiwa windo la wanyama tuliowafundisha, na imeelezwa humo kwamba tunawafundisha kwa ile elimu aliyotupa Mwenyezi Mungu. Ama paka, nani asiyemjua Abu Huraira, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya kipaka chake? Na Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, kisha akawaeleza waliomshangaa kwamba Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzunguka nyumbani.

Iko pia habari mnayoijua tangu darasa la kwanza, ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Nataka muitazame vizuri. Kosa lake lina miguu miwili: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha atoke ajitafutie wadudu na panya wake. Maana yake anayemweka mnyama anaulizwa mambo mawili, chakula na uhuru. Kwa kipimo hicho nadhani tunaweza kumpima hata Kuklachev. Chakula, paka wake wanakula vizuri kuliko watoto wengi wa mitaa yetu. Uhuru, hapo nina shaka. Paka hupenda mahali kuliko anavyopenda mtu. Ana mipaka yake, ana kona yake, na kila kitu anakijua kwa harufu. Kumtia katika kizimba na kumsafirisha kutoka mji hadi mji, ukumbi wa leo si wa jana, taa kali na makofi ya mamia ya watu, kwake ni mzigo hata kama hakupigwa. Wapo waliomshutumu mzee huyu kwamba nyuma ya pazia mambo si kama anavyosema, naye amekanusha. Sisi hatukuwepo nyuma ya pazia. Zipo nchi zilizoona ni heri kulifunga suala lote: Bolivia mwaka 2009 ilipiga marufuku wanyama wa kila aina katika sarakasi, na Uingereza wanyama pori hawaruhusiwi tena katika sarakasi za kusafiri tangu mwaka 2020. Mimi naona sheria hizo ni za haki. Na wale wanaomrusha paka katika pete ya moto ili watalii watoe pesa, sina neno zuri la kuwaambia.

Lakini njia yake ya kufundisha ni jambo jingine, na njia hiyo inatuhusu sisi moja kwa moja. Makhalifa, sasa ni zamu yenu.

Tazameni darasa la hijai baada ya Alasiri. Mtoto wa miaka mitano ameketi mkekani, juzuu mbele yake, kidole kiko kwenye herufi. Mbele yake amesimama khalifa wa miaka kumi na minne na henzerani mkononi. Mtoto anasoma, anaikosa "dhaa" anasema "zaa", henzerani inashuka. Anasoma tena, na safari hii macho yake hayako kwenye herufi. Yako kwenye henzerani. Mtoto huyo amejifunza nini? Amejifunza kusoma mkono wako. Anajua ukiuinua kiasi gani ni kutisha tu na kiasi gani ni kupiga kweli. Hayo makhraji ya "dhaa", ulimi kuugusisha ncha za meno ya juu, hakuna aliyemwonyesha, kwani aliyekuwa na jukumu la kumwonyesha alikuwa na kazi ya kuchapa.

Wahenga wamesema paka akiondoka panya hutawala. Methali hii tunaitumia kuwacheka watoto wanaopiga kelele mwalimu akitoka. Mimi nadhani inamcheka mwalimu. Darasa linalogeuka soko mara tu henzerani inapotoka mlangoni halikuwa darasa, lilikuwa ghala la panya lenye mlinzi.

Walimu wenzangu wana hoja zao na sitazificha. Wanasema mtoto si paka. Kweli kabisa. Mtoto anaelewa maneno, na paka haelewi ila machache. Mtoto unaweza kumweleza kwa nini amekosea. Basi ikiwa kiumbe asiyeelewa maelezo amefundishwa bila kipigo, anayeelewa maelezo amenyimwa nini hata asistahili subira hiyo hiyo? Wanasema pia kwamba paka asiyetaka mchezo huachwa alale, ilhali mtoto hatuwezi kumwacha asisome. Nayo ni kweli. Kusoma ni lazima. Lakini mlango wa kuingilia somo hauwi mmoja. Yupo mtoto ambaye ukimpa kalamu na ubao anashika herufi kwa siku moja, na ukimkalisha kukariri kwa sauti anasinzia. Yupo ambaye haokoti kitu mpaka asikie mwenzake akisoma. Yupo msumbufu asiyetulia mkekani, kumbe akipewa kazi ya kugawa misahafu anatulia kama maji ya mtungi. Huyo ndiye yule paka wa sufuria. Tunamtoa, anarudi, tunamtoa, anarudi, na hatujiulizi sufuria ile inaweza kutumika vipi.

Hoja yao kubwa zaidi ni ile ya hadithi ya swala, kwamba mtoto huamrishwa akifika miaka saba na hupigwa akifika kumi. Mimi naikubali hadithi na ninaomba tuisome yote. Kati ya saba na kumi ni miaka mitatu, na kila siku ina swala tano. Pigeni hesabu: ni zaidi ya mara elfu tano za kuambiwa, kuitwa, kushikwa mkono na kupelekwa, bila fimbo hata moja. Ni mwalimu gani katika sisi amemwambia mtoto jambo moja mara elfu tano kwa upole kabla ya kunyanyua mkono? Na kilichozungumzwa hapo ni swala, nguzo ya dini, si "dhaa" iliyoteleza ikawa "zaa" katika kinywa cha mtoto ambaye meno yake ya mbele yameng'oka.

Kumbukeni pia ngamia wa yule mtu wa Madina, aliyemwona Mtume (s.a.w.) akatokwa na machozi. Mtume alimpapasa mpaka akatulia, akamwita mwenyewe, akamwonya amche Mwenyezi Mungu juu ya mnyama huyo, kwani alikuwa amelalamika kwamba anaachwa na njaa na anachoshwa kwa kazi. Ngamia alipata wa kumlalamikia. Mtoto wa hijai analalamika kwa nani? Akienda kwa mama, anaambiwa rudi chuoni, ustadhi ni baba yako.

Sisemi darasa liwe uwanja wa mpira. Kuklachev mwenyewe, kwa upole wake wote, ana ratiba. Paka hawawi tayari jukwaani kwa kubembelezwa tu. Wanafanya mazoezi dakika chache kila siku, saa ile ile, wanapata kitu kidogo wakipatia, na wakichoka zoezi linaisha kabla hawajachukia. Hayo nayo ni nidhamu, tena nzito, ila uzito wake unamwangukia mwalimu kwanza. Mzee huyo amekwenda mara nyingi kwenye nyumba za mayatima na magereza ya vijana nchini kwake kutoa masomo anayoyaita ya wema, na sishangai. Vijana wa gerezani wamekwisha kupigwa vya kutosha, lau kipigo kingekuwa dawa wasingekuwa pale.

Nimelipeleka jambo hili kwa mwalimu mkuu. Alicheka kwanza, akaniuliza kama nataka tulete sufuria darasani, kisha akakubali kwa sharti: darasa moja tu, la hijai, tangu tutakaporudi kutoka likizo ya Idi hadi mtihani wa Shaaban. Henzerani ya darasa hilo itafungiwa kabatini ofisini na ufunguo atakaa nao yeye. Dakika kumi za kusoma, kisha mapumziko mafupi, kisha kumi nyingine. Kila mtoto atakuwa na ukurasa wake katika daftari, ambamo khalifa ataandika si makosa yake bali kile alichokiona: herufi ipi inamshinda, wakati gani anachangamka, anapenda kukaa na nani. Tende nitazileta mimi. Matokeo ya Shaaban yatapimwa na ya mwaka uliopita, na yakiwa mabaya nimeahidi kuyaandika katika jarida hili hili kwa ukurasa mzima.

Nahitaji makhalifa wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Sitaki waliohifadhi sana, nataka wenye subira. Wanaojitolea waje ofisini Alkhamisi baada ya Alasiri, na wasipite kwa mlango wa nyuma, yule paka wa manjano amezaa hapo na bado hajazoea watu.